Kumwomba Mama Sauti Yake

Nikiulizwa kazi yangu, ninasema nina duka la kuchapa na fotokopi karibu na soko la mifugo la Garissa, na sisemi uongo. Tangu asubuhi ninatoa nakala za vitambulisho, ninapiga watu picha za pasipoti, ninawaandikia barua wanaotaka kuandikiwa. Lakini kichwa changu huwa hakipo hapo. Ninatengeneza biti, yaani yale mapigo ya hip hop ambayo mchanaji, au rapa, huchania mistari juu yake. Ninazitengeneza kwenye laptopu, katikati ya mteja na mteja, hedifoni zikiwa zimejificha chini ya hijabu. Watu huniona nikitikisa kichwa polepole wakadhani ninasikiliza kisomo. Mzee mmoja wa heshima alisimama mbele ya meza yangu akaniombea dua kwa ucha Mungu wangu. Niliitikia amina. Ningefanya nini?

Laptopu yenyewe ilitupwa na ofisi iliyoichoka, nami nikaiokota na uchovu wake. Jua la hapa halina adabu kwa mtu wala kwa mashine, kwa hiyo ninaiweka juu ya wavu wa kuchomea nyama ili hewa ipite chini yake. Ikipata joto sana inakatakata sauti, na hapo ninaizima, ninakunywa maji, ninasubiri. Biti zangu nyingi zimezaliwa kati ya kusubiri kumoja na kwingine.

Sina ala na sijui kupiga kinanda. Ninachojua ni kusikiliza. Ninarekodi kitu kwa simu, ninakikata kipande kidogo, ninakizungusha kirudi mwanzo kila kinapofika mwisho, na hicho ndicho tunachokiita lupu. Kengele ya mti inayoning'inia shingoni mwa ngamia ina sauti nzuri kuliko ngoma nyingi. Jerikani tupu ikipigwa kitako hutoa besi. Mashine yangu ya fotokopi inapomeza karatasi hufanya tsk, tsk, na mlio huo umo katika karibu kila biti niliyowahi kutengeneza. Hakuna aliyewahi kuutambua.

Sasa nimfikie mama, maana ndiye ninayetaka kumsimulia.

Mama alikuwa mtunzi wa buraanbur. Hayo ni mashairi ya wanawake wa Kisomali, yanayoghaniwa arusini huku mghani na wenzake wakipiga ngoma na makofi, na mmoja mmoja akiingia katikati ya duara kucheza. Wanaume hawaingii. Simu zote huachwa kwenye beseni mlangoni, kwa sababu wanawake huwa wamevua mitandio na hakuna anayetaka picha yake izunguke mjini. Mama alialikwa Wajir, alialikwa Habaswein, na safari moja alichukuliwa hadi Banissa kwa sababu bibi arusi alikuwa ameapa haolewi bila yeye. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope, akasema chakula kilikuwa kibaya na mashairi yalikuwa mazuri.

Hakuandika hata mstari mmoja maishani. Alitunga akichambua mchele, mkono mmoja ukitafuta mawe na mwingine ukipiga ukingo wa sinia. Katika mashairi yetu kila mstari lazima ubebe sauti ya herufi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ungemsikia akinong'ona maneno, akiyatupa, akiokota mengine. Yakikaa sawa ananiita. "Lete simu, nishikie haya yasikimbie." Ninamrekodi, anakwenda kupika, halafu anarudi kujisikiliza na kujisema. "Huyu mwanamke anasema nini? Hajui hata ngamia ana miguu mingapi." Anatunga upya, ninamrekodi upya. Simu yangu ikajaa mama.

Kisha akaanguka, asubuhi moja, kijiko cha chai kikiwa mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. *Haye.* Kwetu haye ni "sawa", ni "ndiyo", ni neno unalomtupia mtu aendelee kuzungumza huku wewe ukifikiria mambo yako. Katika hazina yote ya maneno aliyokuwa nayo, ugonjwa ulimwachia hilo tu.

"Hooyo, mama yangu, utakunywa chai?"

"Haye."

"Imekuunguza?"

"Haye."

"Basi niiondoe?"

"Haye."

Unabaki umeshika kikombe hewani.

Nimechoka. Ninalisema wazi kwa sababu watu wa mtaa wetu wakija kumwona mgonjwa hunipiga bega na kusema pepo iko chini ya nyayo za mama, kisha wanakunywa chai yangu na kwenda zao. Najua iko wapi. Nazisugua nyayo hizo kila siku kwa mafuta ya simsim. Asubuhi wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayekaa naye. Adhuhuri ninafunga duka na kuchukua zamu. Ninamgeuza, ninamwosha, ninamsuka, ninamlisha, ninamgeuza tena. Mgongo wangu una umri wake wenyewe sasa, umenipita. Kaka yuko Mandera na biashara yake, anapiga simu Ijumaa kwa Ijumaa, anamuuliza mama kama ni mzima, mama anasema haye, naye anakata simu ameridhika.

Nilianza kutumia sauti ya mama wakati wa jua kali, kabla ya mvua kuja. Nilikuwa nikipekua simu nikitafuta mlio wa jerikani, nikakutana na yeye. Ilikuwa buraanbur aliyoitunga kwa arusi ya Habaswein, na badala ya kumsifu bibi arusi kama walivyotarajia, alimsifu mama wa bibi arusi. Alisema karamu ikiiva kila mtu huuliza jina la bwana arusi, na hakuna anayeuliza ni mgongo gani uliombeba binti. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo, sinia likilia chini yake, na mbali mbuzi wa jirani akilalamika. Nilisimama dukani nimeshika simu, na mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Nikakata mistari minne. Nikaizungusha. Pigo la kiganja chake kwenye sinia nikalifanya ndiyo ngoma yenyewe, nikaongeza besi nzito chini, nikatia tsk tsk ya fotokopi juu. Mbuzi nilimwacha. Sijisifu bure, nimetengeneza takataka nyingi na ninazijua, lakini hii haikuwa takataka. Ilikuwa biti ambayo ukiisikia unanyamaza kwanza.

Niliituma Eastleigh, kwa jamaa niliyesoma naye shule ya msingi ambaye siku hizi anachana na ana watu wanaomsikiliza. Alijibu kabla sijaweka simu chini.

"Madam, hii ngoma ni moto. Usitoe huyo mathe hata kidogo, yeye ndio ameibeba."

"Huyo mathe ni mama yangu," nikamwandikia.

Kisha akatuma ujumbe wa sauti, na Sheng yote ilikuwa imemtoka. "Subhanallah. Abaayo, basi muombe ruhusa. Mimi naingia studio mwisho wa mwezi na hii biti naitaka, lakini sichani juu ya mama ya mtu kama yeye hajasema sawa."

Abaayo ni dada. Nilimheshimu kwa maneno hayo na pia nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa amesema kitu nilichokuwa nikikikwepa. Sauti ya mama haikuwahi kutoka nje ya duara la wanawake. Alikuwa mkali kwa hilo. Na sasa mimi nilitaka isikike ndani ya magari, kwenye vinyozi, kwa wanaume ambao hawakujua hata jina la ukoo wake. Hilo halikuwa jambo la kuamuliwa na mimi, wala na kaka. Sauti ilikuwa yake. Kwa upande wangu, hakuna biti yangu hata moja iliyokuwa imewahi kuvuka daraja la Tana, na hii ingevuka. Nilitaka ivuke. Nilitaka sana.

Kwa hiyo nilikwenda kumuuliza. Nilikaa chini kando ya godoro lake, nikamshika mkono ule wa kushoto unaosikia.

"Hooyo, ile buraanbur ya Habaswein. Nimeitia kwenye muziki wangu. Naomba ruhusa watu waisikie. Wanaume pia watakuwepo."

Alinitazama usoni vizuri tu.

"Haye."

Rahisi namna hiyo. Mtu mwenye akili angeinuka akaenda zake. Mimi nikabaki, na ulimi wangu usiotulia ukaendelea. "Hooyo, je, nikiuza nyumba hii tukaishi juu ya mti?"

"Haye."

"Na nikiolewa na yule punda wa mwuza maji?"

"Haye."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua mfereji, nikalia.

Wifi alikuwa mlangoni akisikia yote. Ni mwanamke mwema lakini hana subira na mambo yasiyoliwa. "Umemuuliza, amesema haye, mimi ni shahidi," aliniambia. "Chukua haye yako uende nayo."

"Hata punda amemkubali."

"Punda ana kazi," akasema wifi. "Ningekuwa wewe ningefikiria."

Wiki ileile tulimpeleka mama hospitalini kwa mazoezi ya viungo. Mtaalamu alikuwa kijana mpole kutoka bara, na hakujua Kisomali. Alimwinua mama mkono wa kulia na kumuuliza kwa Kiswahili kama unauma. Haye. Akamuuliza kama hauumi. Haye. Aliandika kitu, akafuta, akatutazama sisi wawili.

Wifi, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, hakumngoja aulize. "Daktari, hii mama nakubali kila kitu. Wewe nauliza yeye iko fizuri, nauliza yeye iko fibaya, yote haye tu. Mimi nachoka na hii haye, walaahi."

"Lakini anaelewa anachoulizwa?" kijana aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini.

"Anaelewa," nikasema.

"Umejuaje?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitafuta ushahidi na siupati. Huwa anatabasamu, lakini na watoto wachanga hutabasamu. Hunitazama usoni, lakini na kuku hutazama. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshikilia kwamba mama yumo ndani, mzima, amefungiwa tu maneno. Kijana yule hakusema vinginevyo. Aliuliza tu. Lakini tangu hapo kila haye ilinichoma, na suala la biti likawa dogo mbele ya lile lingine: kama hakuna mtu wa kunikubalia, basi hamna mtu mle ndani. Nilikuwa ninamsuka nani kila siku?

Jamaa wa Eastleigh aliuliza mara moja, kwa adabu, kama nimepata ruhusa. Nikamwambia bado.

Ijumaa moja baada ya swala ya adhuhuri, watoto wa kaka wakiwa chuoni kusoma Kurani na wifi akipiga pasi sebuleni, niliamua kumsikilizisha. Sijui kwa nini sikuwa nimefanya hivyo mapema. Labda niliogopa angesikia akabaki vilevile, macho yametulia, haye. Nilimkalisha, mto nyuma ya mgongo, akatazama mlango. Nikaweka laptopu juu ya wavu wake na spika ndogo juu ya kigoda. Umeme ulikuwepo, jambo la kushukuriwa. Nikabonyeza.

Mlio wa fotokopi ukaanza, besi ikaingia, na mama hakufanya lolote. Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika.

Alishtuka. Aligeuza kichwa kutafuta ni nani. Mstari wa kwanza ukapita, na kwenye wa pili mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga paja, taratibu, na nakuapia ulikuwa umekaa juu ya pigo sawasawa, bila kuteleza. Mstari wa tatu. Wa nne. Mdomo wake ulikuwa unatembea. Mkono ukapanda juu, ukiungoja mstari wa tano.

Lakini mstari wa tano haukuja. Mimi ndiye niliyeukata. Sauti ilirudi mwanzo, kwenye mstari wa kwanza, kama nilivyoipanga.

Mkono ulibaki hewani. Mama alikunja uso. Alisikiliza mistari minne ile tena, safari hii bila kupiga paja, na ilipofika mwisho na kurudi mwanzo kwa mara nyingine, alishusha mkono kwa nguvu juu ya godoro.

"Maya," akasema.

Maya ni hapana.

Nilidhani nimesikia vibaya. Sauti ya spika ilikuwa bado inaendelea, inazunguka. Wifi alitokea mlangoni, pasi mkononi, waya ukiburuta. "Nani amesema hivyo?"

Mama hakutungoja tujadiliane. "Maya! Maya!" Alikuwa amenikazia macho kwa sura niliyoijua tangu utotoni, sura ya mtu aliyepikiwa mkate wa anjera mbichi na mtu mzima anayejua kupika. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika duara la mama, mwanamke anayeghani haruhusiwi kurudia mstari alioupita. Shairi huenda mbele. Ukirudi nyuma, ina maana umesahau, uzi umekukatikia, na wenzako hukuondolea ngoma mikononi, kwa upole, mwingine akaendelea. Mama alikuwa akijivunia kwamba ngoma yake haikuwahi kuguswa na mtu. Mtengeneza biti wa mji mwingine asingejua jambo hilo, na angesamehewa. Mimi nimelelewa chini ya ngoma ileile. Nami nilikuwa nimemweka mama yangu mbele ya spika, nikamfanya mwanamke aliyesahau, mstari wa kwanza, mstari wa kwanza, mstari wa kwanza, huku besi ikimtangaza.

"Zima," wifi aliniambia. "Unamwaibisha."

Nilizima. Halafu, Mungu anisamehe, nikawasha tena kidogo, kwa sababu nilitaka kulisikia lile neno. Akanipa, na kofi la mkono wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wangu. Liliuma. Nilimbusu mkono uliolipiga.

Nikatafuta kwenye simu ile rekodi nzima isiyokatwa, nikamwekea hiyo. Alifumba macho akaisikiliza yote hadi mwisho, mbuzi na kila kitu, bila maya hata moja.

Alasiri nilimwandikia jamaa wa Eastleigh kwamba mama amekataa, na bila lupu hakuna biti. Nilipoliandika neno hilo, amekataa, nililitazama kwa muda. Alijibu kwamba mama akikataa amekataa, nimtumie nyingine. Nikamtumia biti ya kengele za ngamia. Alisema ni poa, neno ambalo watu huandika wakiwa hawataki kuumiza. Iliniuma hata hivyo. Ile ya mama ilikuwa kazi bora niliyowahi kufanya, na najua huenda nisifanye tena nyingine mfano wake. Ipo hapo kwenye laptopu. Siifungui.

Jioni ile ilikuwa kazi. Nilimletea uji, akasema maya. Nikaongeza sukari, maya. Maji alisema haye na akayanywa yote. Vidonge, maya, na kimoja kikatemwa kwenye shuka. Nilitaka kumgeuza upande wa dirisha, maya, akataka ule wa mlango. Wifi alisimama amejishika kiuno akatangaza kwamba nimemharibia mgonjwa, kwamba tulikuwa na mama wa kukubali na sasa tuna mama wa kukataa, na kesho zamu ya asubuhi ni ya nani? Nilimwambia ni yake. Akaenda zake akinung'unika, lakini nilimsikia jikoni akimpigia mumewe Mandera, akimwambia kwa sauti ya juu, "Mama amekataa uji! Nakwambia amekataa!"

Nikabaki na mama. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikuwa nikikamua kitambaa kwenye beseni, nimempa kisogo, na swali likanitoka ambalo sikuwa nimewahi kuthubutu kumuuliza tangu augue, kwa sababu nilijua angejibu nini.

"Hooyo, umechoka nami?"

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni.

"Maya," akasema.